Njoo na Kishikwambi Chako

Haya, tuendelee. Tulimwacha Walt Pruchnik katikati ya ukumbi wa parokia, simu sikioni, sahani ya pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha, mkono wa pili, na ukumbi mzima ukiimba jina la mtu mwingine. Jarrell Teague alikuwa amebebwa juu juu mabegani. Asubuhi ile alikuwa ametia saini mkataba mnono kuliko wowote uliowahi kusikika mjini Erie, na wazee waliokuwa wamefunga nyama kwa ajili ya Kwaresima walikuwa hawajafunga bia.

Upande wa pili wa simu, meneja Ferrante alikuwa amesema maneno machache tu. "Walt, kesho saa nne ofisini kwangu. Njoo na kishikwambi chako." Kisha akakata.

Wewe uliyeanza kutusoma leo, sogea nikueleweshe upesi, maana wenzako hawana subira. Kila mchezaji wa Wahunzi wa Erie, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, hupewa kishikwambi chenye mipango yote ya mchezo. Ni mali ya klabu. Anakula nacho, analala nacho, anakwenda nacho msalani. Siku akiambiwa aje nacho ofisini, hajaitwa kufundishwa kitu. Ameitwa akirudishe, achukue viatu vyake, aende zake.

Jarrell ni kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira, anayewaamuru wenzake na kuurusha. Walt ni mtoa mpira. Anainama katikati ya mstari wa mbele, anampitishia Jarrell mpira katikati ya miguu yake, halafu anageuka ukuta: anapigwa yeye ili Jarrell asiguswe. Wameifanya kazi hiyo pamoja misimu saba. Watu wananunua tiketi kumwona Jarrell. Anayenunua tiketi kumwona Walt ni mama yake peke yake.

Na mama yake, Bi Halina, alikuwa pale pale ukumbini, upawa mkononi, akigawa pierogi za viazi na kuwaambia watu wasisukumane. Tangu mumewe afariki, bibi huyu hana matembezi mengine. Kila Jumapili ya mchezo anakaa kiti kile kile, kavaa kofia ya sufu ya marehemu, anamtazama mwanawe. Walt alizaliwa mitaa mitatu kutoka uwanjani. Alichokuwa anakitaka duniani ni kimoja tu: amalizie mpira wake hapo hapo, mama yake akiwa kitini.

"Nani alikuwa anapiga?" Renata, mkewe, alimuuliza.

"Watu wa bima."

Renata alimtazama kwa muda. Watu wa bima hawamfanyi mtu mwenye mwili kama kabati aiache pierogi ipoe mkononi. Lakini alimpokea sahani tu.

Sasa shika roho yako, kwa sababu kuna jambo lazima ulikumbuke. Majuma matatu nyuma, Jarrell alikwenda nyumbani kwa Walt, wakakaa kwenye banda la gari, na kijana akasema alilokuja nalo. Alisema hataki fedha zote ambazo klabu ilikuwa tayari kumpa. Ligi ina kikomo cha mishahara: klabu hairuhusiwi kuwalipa wachezaji wake, wote kwa ujumla, zaidi ya kiasi kilichowekwa kwa mwaka, hata kama mwenye timu ana noti za kulijaza ziwa. Mfuko ni mmoja, wanaume hamsini na watatu. Yeye akichota karibu robo peke yake, wengine watagombania kilichobaki, na wapo watakaokosa.

"Katibu," alisema, maana Walt ndiye mwakilishi wa chama cha wachezaji na chumba kizima cha wachezaji kinamwita hivyo, "nikichukua yote, nitabaki na nani wa kunilinda?"

Walt alikasirika. Jamani, alikasirika kweli. Baba yake alikuwa fundi kwenye kiwanda cha injini za treni, mtu wa chama cha wafanyakazi damu na nyama, na Walt alikua akila kabichi mgomo mpaka mgomo. Katika nyumba ile, mtu aliyekubali kulipwa pungufu alikuwa hasalimiwi. Akamwambia Jarrell kwamba bei yake ndiyo kipimo cha bei ya kila kijana atakayekuja nyuma yake. Akamwambia matajiri hawajawahi kurudisha senti waliyoachiwa.

"Mtu asishushe bei ya jasho lake," alisema. "Hata kwa rafiki. Unanisikia?"

Jarrell alimsikia. Akachukua yote.

Sasa turudi: asubuhi baada ya ile sherehe ya ukumbini, theluji ilikuwa inakuja kutoka ziwani kwa mlalo, ile ya Machi, iliyolowa, inayokera. Walt aliendesha pikapu lake jeusi hadi klabuni. Pikapu hilo lenyewe alipewa na Jarrell. Ni desturi ya mchezo wao, kwotabeki huwanunulia wanaomlinda zawadi ya Krismasi, na Krismasi iliyopita Jarrell alifanya kufuru, alimwaga mapikapu mlangoni kama mtu anayegawa soksi.

Ofisini alimkuta Ferrante pamoja na Meredith Oakes, mama wa mahesabu ya klabu. Meredith hana maneno mengi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba ikifika saa kumi jioni ya siku hiyo, siku ligi inapofungua mwaka wake, jumla ya mishahara ya Wahunzi haijapita kikomo. Ikipita, ligi inaanza kufuta mikataba ya klabu, na mkataba wa kwanza kufutwa ungekuwa wa Jarrell, kwa kuwa ndio mpya kuliko yote.

"Kaa, Walt," Ferrante alisema.

"Nitasimama."

"Kaa bwana. Sijakuita kukuacha."

Walt alikaa. Akakiweka kishikwambi mapajani.

Ferrante alieleza kama mtu anayeomba radhi. Alikuwa amezunguka usiku na mchana. Wavulana wa chini wanalipwa kima cha chini, ukimwacha mmoja lazima umwajiri mwingine kwa bei ile ile, hujaokoa kitu. Wakubwa wengine mikataba yao imefungwa, ukiwaacha unawalipa zaidi kuliko ukiwaweka. Aliyebaki ni mmoja: mchezaji wa miaka thelathini na mitatu, mwenye mshahara mzuri, mkataba wa zamani, anayeweza kuondoka bila gharama.

Lakini ipo njia, alisema. Walt akubali nusu. Nusu ya mshahara, abaki Erie, amalize na Jarrell.

Ona mtego huo, msomaji wangu! Mtu yule yule aliyewafokea vijana chumbani, aliyemtoa mchezaji mmoja machozi mbele ya wenzake kwa kukubali kupunguzwa, sasa anasukumiwa karatasi ya kupunguzwa na kalamu juu yake. Aliomba dakika. Akatoka nje ya ofisi, akampigia Renata, akamweleza yote, mpaka uongo wa bima.

Renata hakupiga kelele. Alisema alijua tangu jana. Kisha akauliza jambo moja. "Utakapokwenda timu nyingine, utamwambia nini mama yako?"

"Vijana watanicheka, Renata. Baba angenitemea mate."

"Baba yako hayupo. Mama yako yupo. Tia saini urudi nyumbani."

Alirudi ndani, akatia saini. Aliandika jina lake polepole, kama mtoto aliyelazimishwa. Aliona aibu hadi masikioni, na chini ya aibu, asikufiche mtu, aliona raha. Ferrante alimmiminia kahawa. Wakaanza hata kutaniana, Ferrante akimwambia kwamba kwa bei hiyo sasa atalazimika kuinama chini zaidi.

Ndipo kelele zilipotoka ghorofa ya chini. Watu walikuwa wanapiga meza, wanapiga mluzi. Ferrante akawasha televisheni ya ukutani. Matokeo ya kura yalikuwa yametangazwa: mchezaji bora wa ligi nzima ni Jarrell Teague wa Erie.

Walt alisimama akapiga makofi. Alipiga kwa nguvu, viganja vyake vile vipana, na macho yalimlowa, kwa sababu kila mpira uliompa Jarrell tuzo ile ulipita kwanza mikononi mwake. Alimgeukia Meredith amwambie neno.

Meredith alikuwa hapigi makofi. Alikuwa ameshika paji la uso.

"Kipengele," alisema.

Ferrante akazima televisheni. Katika mkataba wa Jarrell palikuwa na kipengele: akichaguliwa mchezaji bora, mshahara wa mwaka huu unapanda papo hapo, na nyongeza inahesabiwa ndani ya kikomo. Walikiweka kwa sababu wakala wa Jarrell alikidai na saa zilikuwa zimekwisha. Hakuna aliyefikiri kura zingemwangukia, maana zilikuwa zinamwelekea mwingine kwa wiki nzima.

Meredith alibonyeza, akabonyeza tena, akaigeuza kompyuta ili wote waone. Nyongeza ilikuwa imekula nafasi yote iliyopatikana. Nusu aliyoiacha Walt ilikuwa imekwenda, na sasa ilitakiwa na nusu iliyobaki.

"Nicheze bure basi," Walt alisema.

Hakuwa anatania. Meredith alitikisa kichwa. Ligi ina kima cha chini kwa mkongwe kama yeye, hakuna anayeruhusiwa kucheza chini yake, na hata kima hicho hakikuwa na mahali pa kukaa. Alisema hayo akitazama meza. Ile karatasi yenye saini mbichi aliikunja mara mbili, akaishikilia tu, hakujua aiweke wapi.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Jarrell huyo, jasho la mazoezi mwilini, kacheka hadi jino la mwisho. Alikuwa amekuja kumkumbatia Walt. Alipoona nyuso zile, kicheko kilikatika, na macho yake yakashuka kwenye kishikwambi kilicholala mapajani kwa Walt.

"Hicho umekileta cha nini, Katibu?"

Akamgeukia Ferrante, akaanza kusema kwa haraka. Wazitoe fedha zake. Wakate nyongeza, wakate na zaidi, walete karatasi atie saini sasa hivi, nani amewaambia yeye anahitaji zote hizo, hata nyumba moja inamshinda kuijaza. Ferrante alimwangalia Meredith, na kwenye uso wa Ferrante palikuwa na tumaini, masikini, kama mtu aliyesahau kitu na anaomba mwingine naye awe amesahau.

Aliyejibu alikuwa Walt.

"Haiwezekani, dogo. Mkataba mpya haushushwi kabla ya mwaka kwisha."

"Nani kasema?"

"Sisi. Chama."

Ndivyo ilivyokuwa. Zamani klabu zilikuwa zinamsainisha mtu kwa shangwe, mwezi wa pili wanambana ukutani apunguze. Chama kikapigania sheria: mtu akishatia saini, bei yake isiguswe kwa mwaka mzima, hata akitaka mwenyewe, kwa maana hakuna anayejua ametaka au ametakishwa. Walt alikuwa kwenye kikao kile. Aliisemea sheria ile kwa sauti kubwa kuliko wote, na ilipopita alimpigia simu baba yake, na baba yake alilia kwa furaha.

Jarrell alikaa chini pale pale alipokuwa, juu ya zulia, mchezaji bora wa ligi nzima, magoti kifuani. Ferrante alitazama saa. Muda ulikuwa unakwenda, na ikipita saa kumi wangempoteza na huyo aliyekaa chini. Hakuna mtu ndani ya chumba kile aliyekuwa anataka jambo lile litokee. Ningekuwa na mwovu wa kukupa ningekupa umtukane, lakini leo sina.

Walt aliweka kishikwambi juu ya meza. Kisha akakumbuka, akakichukua tena, akakigeuza. Mgongoni mama yake alikuwa amebandika picha ndogo ya Bikira Maria Mweusi, yule wanayemwomba Wapolandi, msimu wa kwanza kabisa, na kila alipopewa kishikwambi kipya alibandika nyingine. Akajaribu kuibandua kwa kucha. Vidole vyake vinene, vilivyovunjika na kuunga vibaya, havikupata pa kushikia. Picha ikaanza kuchanika pembeni.

"Acha, Walt," Meredith alisema taratibu. "Nitaitoa mimi, nikuletee nyumbani."

Akaacha. Akampa mkono Ferrante, akampa mkono Meredith, na alipompita Jarrell alimgusa kichwani kama anavyomgusa kabla ya kila mchezo. Chumbani kwa wachezaji hakwenda. Vitu vyake vingefuata.

Kwenye maegesho theluji ilikuwa imeshafunika kioo cha pikapu. Aliwasha gari, akakaa, mikono kwenye usukani, bila kujua aelekee wapi. Kwenda kwa Renata ilikuwa rahisi. Kwenda kwa Bi Halina, ambaye saa ile bila shaka alikuwa anampigia simu kila jirani kuhusu tuzo ya Jarrell, hapo ndipo alipokwama. Angemwambia nini? Kwamba amefukuzwa na wale anaowapikia pierogi?

Mlango wa upande wa pili ulifunguliwa. Jarrell aliingia na fulana yake ya mazoezi, theluji kwenye nywele, akaufunga.

Hita ilikuwa inanguruma.

"Ningechukua pungufu," Jarrell alisema mwishowe. "Nilikuja kukwambia. Ungeniacha tu nichukue pungufu."

"Najua."

"Una hasira na mimi?"

"Na wewe? Hapana. Nimetafuta wa kumkasirikia tangu nimetoka ndani. Simwoni."

Jarrell aliuficha uso kwenye viganja. Hapo ndipo simu ilipoita, na kwa kuwa pikapu hilo lilikuwa la kisasa, la fahari, lililochaguliwa kwa mapenzi, simu haikuitia mfukoni. Iliitia kwenye spika za gari, sauti imejaa hadi darini. Namba haikuwa na jina. Walt alibonyeza bila kufikiri, akidhani ni Renata.

"Walt Pruchnik? Royce Tillery hapa, kocha msaidizi wa timu ya Dayton. Pole sana bwana. Jina lako limetokea kwenye orodha ya ligi ya walioachwa sasa hivi na sisi hatukutaka kuchelewa."

Walt alinyosha mkono aizime spika. Jarrell alimshika kifundo cha mkono.

Tillery aliendelea, mchangamfu, mtu wa biashara. Walijua hana wakala, anajisemea mwenyewe, ndiyo maana walimpigia moja kwa moja. Dayton wangemlipa mshahara wake wote, si nusu, na juu yake wangeongeza. Miaka miwili ya uhakika. Nyumba watamtafutia.

"Jambo moja tu," alisema, na sauti ikashuka kidogo. "Jumapili ya kwanza ya msimu tunakuja kucheza hapo kwenu Erie. Wewe umeinama mbele ya Teague misimu saba. Unajua anafanya nini kabla mpira haujatoka. Mguu, pumzi, sauti, vidole, unavijua vyote. Ukae na vijana wetu wa ulinzi siku mbili tatu, uwafundishe. Basi. Vijana wangu wakijua anaporushia, watamfikia kabla hajarusha."

Theluji ilianguka kipande kizima kutoka kwenye kioo cha mbele. Kupitia nafasi ile wote wawili waliuona uwanja, na upande wa mashariki wa uwanja, jukwaa la chini, mahali Bi Halina anapokaa.

Walt aliona jinsi Jumapili ile itakavyokuwa. Alimwona mama yake kitini na kofia ya sufu, hajui amshangilie nani. Alimwona Jarrell nyuma ya mtoa mpira mwingine, kijana wa bei rahisi, na wanaume wa Dayton wakimjia wakiwa wanajua kila kitu. Alitaka kusema hapana, na hapana hiyo ilikuwa na maana kwamba mpira wake umekwisha leo, kwenye maegesho haya. Nani mwingine angempigia mzee wa miaka thelathini na mitatu?

"Walt? Upo?"

Jarrell alimwachia mkono. Alikuwa anatazama mbele, machozi yanashuka na hayafuti, na aliposema alisema taratibu, kama anavyosema uwanjani wakati wenzake wote wameinama wakimsikiliza.

"Mwambie ndiyo, Katibu. Si ulinifundisha mwenyewe? Mtu asishushe bei ya jasho lake. Hata kwa rafiki."

Spika zilikuwa bado wazi, na kila neno lilifika Dayton. Kisha sauti ya Tillery ikarudi, na safari hii haikuwa na uchangamfu wowote.

"Walt. Uko na nani humo ndani?"